Koti Lisilo na Tundu

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Hapaonekani, na hilo jina alijitafutia mwenyewe. Ukimpelekea suruali iliyoliwa na panya, ukamwuliza kwa wasiwasi, "Fundi, patafichika kweli?", hata hainui uso. "Hapaonekani," anasema. Na kweli, ukija kuichukua unaigeuza, unaipeleka mwangani, unarudi nayo kivulini, mwisho unaona haya kuendelea kutafuta. Kuna karani mmoja aliyegoma kabisa kuamini, akadai amebadilishiwa suruali, mpaka alipotia mkono mfukoni akakuta barua yake mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa kutililia. Si kutia kiraka, kiraka hata mimi na wewe tunatia. Kutililia ni kuchomoa nyuzi kwenye pindo la ndani la nguo ileile, pale pasipotazamwa na mtu, kisha kuzifuma juu ya tundu, moja juu moja chini, mpaka kitambaa kirudi kuwa kitambaa. Tundu la ukubwa wa kucha lilimla nusu siku. Macho ndiyo yaliyoliwa zaidi. Alipofika miaka arobaini na tano alikuwa anaona kufuma lakini haoni kutunga uzi, kwa hiyo kazi hiyo ilikuwa ya mumewe. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, kwenye kinu cha kusaga unga, mwanamume yule alikaa kwenye kigoda, akatunga sindano kumi na mbili, akazichomeka kwenye kijimto cha pamba na kumsogezea. "Haya mama, chakula chako cha siku hicho." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake mengi kwa siku nzima, ndiyo maana wenzake kazini walimwita Kimya.

Miaka yote hiyo ya kufunga matundu ilimfundisha mwanamke yule kuyasoma. Msumari huchana kwa pembe. Mbwa huvuta kwenda chini. Moto wa sigara huacha ukingo mgumu. Aliwahi kuletewa shati na bwana mmoja aliyeapa kwamba limeshikwa na geti, naye akaangalia mara moja tu, akaona kucha tano za binadamu mwenye hasira, akanyamaza. Ndoa za watu zina wenyewe. Shati likarudi zima, bwana akarudi kwa mkewe, na Hapaonekani akabaki na siri zake kama kawaida.

Siku ya ajali ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Alikuja Pumba, mpakiaji wa magunia pale kinuni, aliyepewa jina hilo kwa sababu nywele zake hazikuwahi kukosa pumba. Alikuwa kifua wazi. "Shemeji, funga mlango twende hospitali. Kimya amedakwa na mkanda wa mashine." Shati lake alikuwa amemfungia mwenzake mkono. Kwapani alibana koti la kazi la Kimya, koti la kaki, zito, lenye vifungo vya shaba.

Njiani Pumba alisema bila kuulizwa. "Kile kifuniko cha chuma cha mkanda, shemeji, kimetolewa tangu mwezi jana kikachomelewe. Tumesema mpaka tumechoka. Meneja anasema kesho, kesho. Kimya alikuwa anapita tu na ndoo, mkanda ukamvuta kwenye kiwiko." Aliyasema hayo mara tatu, na mara zote tatu alikuwa analia.

Hospitali walimkalisha kwenye benchi la korido, mbele ya mlango wa rangi ya kijivu, wakamwambia asubiri. Akasubiri siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ndugu walikuja na kwenda. Yeye alikaa pale na koti mapajani, na kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kutazama, alilitazama. Pindo la mkono wa kulia lilikuwa zima. Kifungo chake kilikuwa bado kimefungwa. Tundu lilianzia nyuma ya kiwiko, nyuzi zote zimevutwa kwenda upande mmoja, upande wa kulia, na juu yake palikuwa na alama ya grisi nyeusi, pana kama upana wa mkanda. Hata mtoto angelielewa koti lile kama angefundishwa herufi zake. Shika hapo, msomaji, maana hapo ndipo patakapotuuma mbele ya safari.

Akafanya nini? Jamani! Mwenye akili timamu angelikunja, akalitia kwenye mfuko, akalificha. Yeye aliomba sabuni kwa mwanamke aliyekuwa anamwuguza mama yake, akalifulia kwenye bomba la uani mpaka grisi ikaisha. Likakauka kwenye ukuta. Kisha akatoa mkoba wake wa kazi, uliokuwa bado na sindano nane alizotungiwa na mumewe Jumanne ileile asubuhi, akaanza kuchomoa nyuzi kwenye pindo la ndani.

Watu walikuja kumlaumu baadaye, na dada yake mumewe alimlaumu kuliko wote. Mimi simlaumu, ila namwonea uchungu. Alikuwa amejiwekea moyoni kitu cha kipuuzi ambacho kila mtu aliyekaa korido ya hospitali ana cha kwake. Alijiambia, wao wanashona mkono kule ndani, mimi nashona mkono hapa nje. Nikimaliza wangu, nao watamaliza wao. Alifuma siku mbili mchana kutwa, na haikuwahi kumtoka kazi nzuri kama ile.

Alikata uzi wa mwisho Jumamosi, saa nane. Saa tisa daktari akafungua mlango wa kijivu, akamwambia kwamba mkono umekatwa juu ya kiwiko, ulikuwa umeshaoza. Hapaonekani akasema, "Lakini mimi nimemaliza." Daktari hakuelewa, akampa pole, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Kimya alipotoka hospitali, meneja wa kinu alikuja nyumbani na mfuko wa unga na pole nyingi. Alikuja pia na karatasi. Ilisema kwamba mfanyakazi, kwa uzembe wake na kinyume cha maelekezo, alitia mkono kwenye mdomo wa mashine ili kuuzibua huku mashine ikizunguka. Kwa hiyo kinu hakina lawama, na nafasi yake ameshapewa mtu mwingine.

"Ni kweli, baba?" mkewe akamwuliza Kimya baada ya meneja kuondoka.

"Sijui, mama. Nakumbuka ndoo. Baada ya ndoo nakumbuka dari ya hospitali."

"Hukutia mkono. Mkanda ndio uliokuvuta. Nimeona mimi kwenye koti."

Kimya alitazama bega lake. "Basi sawa," akasema, lakini jinsi alivyosema ilionyesha hajashiba.

Hapo ndipo alipoingia wifi, dada yake Kimya, muuza mitumba, mwenye mdomo usiojua likizo. "Tunashtaki!" akatangaza kabla hata ya kuketi.

"Tumshtaki nani, wifi? Mahakamani wanakwenda wezi."

"Wezi wanapelekwa. Wenye haki wanakwenda wenyewe. Wewe kila kitu unataka kisionekane, hata haki ya mumeo!"

Wakaenda, wote watatu, kwenye ofisi ya msaada wa sheria, chumba kimoja juu ya duka la vioo, ngazi zake za chuma zikilia kwa kila hatua. Wakili alikuwa binti mdogo, mwenye mafua, aliyesikiliza bila kukatiza. Hapaonekani alimpenda kwa hilo. Kisha binti akapangusa pua, akaeleza polepole.

"Baba, mama, shangazi, nisikilizeni. Kuumia peke yake hakutoshi kumdai mtu. Ukijikwaa kwenye jiwe huwezi kulishtaki jiwe. Lakini kama kuna mtu aliyekuwa na wajibu wa kukulinda, akaupuuza, na kule kupuuza ndiko kulikokuumiza, huyo unaweza kumdai, hata kama wewe huna kitu na yeye ana kila kitu. Hii si kesi ya polisi, hakuna anayefungwa. Hakimu anapima tu, upande upi unaelekea zaidi kuwa kweli. Mizani ikiinama kidogo tu, inatosha."

"Kidogo tu?" akauliza wifi.

"Kidogo tu. Na miaka mitatu ya kufungua madai haijapita, muda bado tunao. Wajibu wa kinu uko wazi, mkanda lazima ufunikwe. Kinachobaki ni kuonyesha kwamba kilichomuumiza ni mkanda usio na kifuniko, si mdomo wa mashine."

Tangu siku ya korido, Hapaonekani hakuwahi kujisikia mwepesi kama alivyojisikia pale. "Ni mkanda," akasema, akaeleza yote, pindo zima, kifungo, nyuma ya kiwiko, nyuzi zilivyovutwa, grisi. Binti aliacha kuandika, akamtazama kwa macho yanayong'aa.

"Mama, hilo koti ndilo kesi yenyewe. Lipo?"

"Lipo."

"Usiliguse. Usilifue. Niletee kesho kama lilivyo."

Wifi aligeuka taratibu kumtazama mke wa kaka yake, akajishika kichwa kwa mikono miwili.

Alilipeleka hata hivyo. Wakili alilitandaza mezani, akaliinamia, akaligeuza nje ndani, akalishika kwenye dirisha. "Lilichanika wapi?" Hapaonekani akaweka kidole. Wakili akaangalia chini ya kidole. Akakiondoa kidole, akaangalia tena. "Hapa?" "Hapohapo." Akapapasa. Akafunga macho, akapapasa tena. Kisha akakaa chini, akapenga kamasi, ingawa safari hii sijui kama yalikuwa mafua.

"Lifumue!" wifi akasema. "Unafunga, unafumua, nani atajua?"

"Akilifumua," wakili akasema, "tundu litakuwa lake yeye, si la kinu. Watamwuliza nani alitoboa, naye ataapa aseme nini?"

"Siapi uongo," akasema Hapaonekani. "Na nikifumua, nyuzi hazitarudi zilivyovutwa. Nitapata tundu, ila litakuwa bubu."

Cheti cha daktari kilikuwa na mstari mmoja na nusu, mkono wa kulia umesagika, umekatwa juu ya kiwiko, na daktari mwenyewe alikuwa ameshahamishiwa mbali. Akabaki Pumba. Pumba aliapa kwa wakili kwamba atakuja, na siku ya kesi kweli alikuja, amechana nywele, amevaa shati jipya. Hapaonekani alipoliona lile shati alijua limenunuliwa na nani. Kwenye kizimba cha mashahidi Pumba alitazama sakafu. Kifuniko? Anaamini kilikuwepo. Siku ile? Ilikuwa zamani kidogo. Kazi yake ni magunia, si mikanda. Watoto wake wanne, wote tunawajua, walikuwa wanakula kutoka kinu kilekile, kwa hiyo sitamtukana, ingawa tusi ninalo tayari.

Akapanda Hapaonekani. Akaeleza kama alivyoeleza kwa wakili. Aliomba koti lifunuliwe pindo la ndani, waone palivyopungua nyuzi alizochomoa.

Wakili wa kinu, mtu mrefu mwenye joho lililopigwa pasi vizuri, hakumfokea. Angefokea ingekuwa nafuu. "Mama, pole sana kwa yaliyowapata. Wewe ni mke wa mdai, siyo?"

"Ndiyo."

"Pindo la ndani linaweza kulika kwa kufuliwa?"

"Linaweza, lakini si hivi."

"Basi ionyeshe mahakama tundu."

"Halipo. Nimelifunga."

"Tuonyeshe ulipofunga."

Akaonyesha. Hakimu, mama mtu mzima mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kichwani, aliomba aletewe koti. Alivua mmoja akavaa mwingine. Alipapasa, akalinusa, akalisogeza kwenye taa. Chumba kizima kilinyoosha shingo. Nyuma kabisa mtu akanong'ona, "Huyo ndiye Hapaonekani mwenyewe," na kicheko kidogo kikapita kwenye mabenchi, kicheko kisicho na ubaya, cha watu wanaomsifu fundi wao. Mwanamke yule alisimama pale akitamani, Mungu amsamehe, angekuwa fundi mbovu. Angekuwa ameacha fundo moja. Fundo moja tu.

Hukumu ilisomwa wiki mbili baadaye. Hakimu aliwaonea huruma, na alisema hivyo. Lakini mahakama haipimi kwa huruma. Taarifa ya kinu imeandikwa, maneno ya mke hayana kinachoyashikiza, na koti lililoletwa kama ushahidi halina tundu. Madai yametupwa. Asiyeridhika ana siku thelathini za kukata rufaa. Wakili wao alisema rufaa bila kitu kipya ni kupiga maji kwa rungu, na kwamba anasikitika sana. Alikuwa anasikitika kweli. Wifi aliwatukana wote kuanzia ngazini hadi barabarani, akamaliza kwa kulia begani kwa wifi yake.

Nyumbani Kimya aliketi kwenye kigoda chake, amevaa lile koti kwa kuwa kulikuwa na baridi. Mkono wa kulia, ule uliofumwa siku mbili, mkewe alikuwa ameukunja na kuubana kwa pini.

"Mama," akasema, "nisamehe."

"Nikusamehe nini, baba?"

"Labda ni kweli niliutia mwenyewe. Watu wote wale wasomi wamekaa wakapima. Nimewatia kwenye shida kwa uzembe wangu."

"Usiseme hivyo! Niliona kwa macho yangu."

"Ulikuwa unalia, mama," akamjibu kwa upole. "Ungeona nini?"

Hilo lilimwumiza kuliko hukumu. Kukosa fidia alikuwa ameanza kukuzoea. Lakini mtu wake alikuwa anajihukumu mwenyewe kila siku, pale kwenye kigoda, kwa kosa ambalo hakulifanya, na aliyeosha ushahidi wa kumtoa lawamani ni yeye, kwa sabuni ya kuazima. Alimwambia tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Kimya alitikisa kichwa kukubali, jinsi mtu anavyomkubalia mgonjwa.

Siku ya arobaini na moja tangu hukumu, asubuhi, aliingia kijana mmoja msafi amebeba mfuko wa karatasi. Alikuwa karani wa ofisi ya yule wakili wa kinu. "Shikamoo mama. Bosi amenituma. Anasema tangu siku ile hajasahau kazi yako, hataki joho lake liguswe na fundi mwingine."

Hapaonekani alipokea, maana nyumba ilikuwa inaishi kwa sindano yake peke yake. Alilitandaza mapajani. Ubavuni palikuwa na mchano wa urefu wa kiganja. Aliutazama, na kwa mazoea tu, bila hata kukusudia, midomo ikasema, "Mlango wa gari. Alikuwa anashuka, akafungiwa na mtu mwingine kabla hajasimama sawasawa."

Karani akashika mdomo. "Ee! Umejuaje, mama? Dereva ndiye aliyeufunga! Kaomba radhi mara kumi, mpaka akampigia simu na mke wa bosi kumwomba radhi."

"Aliomba radhi," akarudia Hapaonekani.

"Mara kumi! Kumbe nguo inasema! Mbona hukusema hivi siku ile mahakamani?"

"Nilisema."

Kijana akacheka kidogo, kisha akakumbuka, kicheko kikamfia. Pale kwenye kigoda Kimya alikuwa ameinua kichwa. Alikuwa anamtazama mkewe, na yule mama, aliyesubiri mtazamo huo miezi yote ile, aliogopa kugeuka.

"Litakuwa tayari lini?" karani akauliza taratibu. "Bosi anataka pasionekane kabisa."

"Alhamisi. Hapataonekana."

Alipoondoka, Kimya akaondoka kwenye kigoda, akaja kukaa karibu. "Ni mkanda," akasema.

"Ni mkanda, baba."

"Rufaa ilikuwa siku ngapi?"

"Thelathini."

Akatikisa kichwa. Kisha akachukua kipande cha sabuni, akachomeka sindano ndani yake isimame, kama alivyokuwa akijaribu tangu atoke hospitali, akashika uzi mweusi kwa mkono wa kushoto. Alilenga tundu la sindano. Uzi ukapita pembeni. Akaulamba, akalenga tena, ukapita pembeni tena. Mkewe alishika joho mapajani akasubiri, hakumharakisha wala hakumsaidia. Mara ya saba Kimya akauweka uzi juu ya sabuni.

"Mwite jirani akutungie," akasema, akarudi kwenye kigoda.